Ndoo ya Jang'ombe ina akili kuliko foleni ya Köln

Niko nyumbani likizo, wiki tatu, na jana nimefungwa mabao manne kwa bila na mtoto wa darasa la sita. Kibanda cha gemu kipo uchochoroni hapa Jang'ombe, Unguja: televisheni mbili, mapedi manne, moja limefungwa mpira wa baiskeli lisifunguke. Mia tano mechi moja, anayefungwa anapisha. Mpira ulipokwisha yule mtoto hakunitazama hata usoni. "Ami, pisha." Nikapisha, nikakaa kwenye benchi kati ya watu waliokuwa wakinicheka tangu bao la pili, na hapo hasira yangu ya Agosti ikanirudia upya kabisa.

Agosti hiyo, ya 2025, nilikwenda Gamescom, maonyesho makubwa ya gemu yanayofanyika Köln tangu 2009. Waamerika walikuwa na yao, E3, yakafungwa rasmi Disemba 2023, basi sasa macho yote yako Ujerumani. Waliohesabiwa mara hii ni watu 357,000 kwa siku tano. Mkoa mzima wa Kaskazini Pemba, kwa sensa ya 2022, una watu 272,091. Chukua Wete na Micheweni, vizee na vichanga, watie wote mle mabandani, na bado nafasi itabaki.

Tiketi imenila karibu masaa matatu ya kazi. Mimi napanga maboksi ghalani usiku, kwa hiyo masaa yangu nayajua moja moja. Maji ya chupa ndogo mle ndani nimeuziwa yuro nne na nusu. Pigeni hesabu wenyewe. Kwa hela hiyo Forodhani mtu anakula urojo, anaagiza mishikaki, anateremshia juisi ya miwa, na chenji anarudi nayo nyumbani.

Lakini si maji yaliyonikera. Ni foleni.

Kuna gemu moja nilikuwa nikiisubiri mwaka mzima. Nikafika kwenye banda lake saa nne asubuhi, nikakuta kibao: ukisimama hapa, masaa matatu. Haya, nikasimama. Wenye mabanda hugawa vigoda vya karatasi ngumu, unavikunja mwenyewe, ukikalia ni kama mbuzi ya kukunia nazi iliyong'olewa meno. Nami nikapata changu. Tukawa tunasogea hatua mbili, tunakaa, hatua mbili, tunakaa. Mbele yetu ukuta mweusi. Huoni gemu, huoni anayecheza, unasikia vishindo tu, kama jirani anayevunja nyumba. Pembeni wanapita watu waliovaa mbawa na mapanga ya plastiki. Bibi yangu angewaona angeshaanza Ayatul Kursiy.

Saa saba na nusu nikataka kusali Adhuhuri. Nikafanya ambalo mtu yeyote aliyekulia mtaani kwetu angelifanya: nikaacha kigoda changu pale pale, nikamwambia kijana wa nyuma yangu anishikie, nikatoka uani. Kwetu mferejini, maji yakiwa ya zamu, nani anasimama na ndoo yake? Ndoo ndiyo inayosimama. Mama anaiweka, anarudi kupika, ndoo zinasogezwa na aliyepo, na ole wake anayeruka ndoo ya mtu. Niliporudi, kigoda kilikuwa kimetupwa pembeni, na msimamizi wa banda ananionyesha nyuma kwa kidole. Foleni haishikwi na kitu, anasema, inashikwa na mtu. Yule kijana wa nyuma yangu alikuwa akitazama simu yake kana kwamba hatujawahi kuonana duniani.

Ikawa nianze upya. Nilikuwa nishageuka niondoke, ila Mjerumani mmoja mzee, yuko na mjukuu wake, wamebakisha watu kama ishirini, akaniita. Ameona yote. Akamwambia msimamizi kwa sauti ambayo pale hutumii bila sababu: huyu alikuwepo, mimi nimemwona, aingie mbele yangu. Mbele yangu, si nyuma yangu! Na miaka minane niliyokaa huko, watu wa kunitolea ushahidi bila kuombwa nawahesabu kwa mkono mmoja.

Ndani nikapewa dakika kumi na tano. Kijana wa bandani akaanza kunifundisha kitufe cha kurukia, pole pole, kama anamfundisha mgonjwa. Kisha akauliza, kwa tabasamu zuri tu: kwenu umeme wa kuchezea haya upo? Nikamwambia upo, unapita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Akashangaa. Mengine sikumwambia. Sikumwambia kuwa Disemba 2009 waya huo ulitutupa mkono, Unguja nzima ikakaa kiza mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Hayo tunasemana sisi wenyewe, haambiwi mtu aliyevaa fulana ya bure.

Miezi ile ndiyo niliyojifunza mchezo wa bao. Mashimo 32, kete 64, karabai juu ya baraza, wachezaji wawili na watazamaji kumi na tano, na wanaojua zaidi ni wale ambao hawachezi. Ukikosea kutakata, yaani kusogeza kete bila kula, unatukanwa mpaka na mpita njia. Kusubiri zamu huko ndiyo burudani yenyewe, na kibanda cha gemu kimerithi tabia hiyo hiyo. Köln wana vioo vikubwa kama kuta za nyumba, wanaonyeshea matangazo. Wangevitumia kumwonyesha anayecheza muda ule, anavyokufa na kufufuka, sisi wa foleni tukamzomea kidogo, masaa matatu yangepita kama nusu saa. Na vile vigoda wavitie namba, kigoda kikae foleni, mtu akatembee, akasali, akanunue hayo maji yao ya bei mbaya. Waonyeshaji zaidi ya elfu moja na mia tano wamejipanga, na mimi siku nzima nimeona mabanda mawili.

Jambo moja nitawavulia kofia: gemu za wakubwa zimezungushiwa kuta, huingii bila bangili ya miaka 18. Mimi mwenye mvi kidevuni nimeombwa kitambulisho. Huku kwetu anayekagua umri kibandani ni maalim wa chuo cha Kurani peke yake, na bakora yake, baada ya Alasiri.

Sasa nyinyi mnaoniandikia "ami nitafutie njia ya kuja Ujerumani". Kucheza gemu si cheti. Wako wanaopata njia ya Ausbildung, mafunzo ya kazi, kwa kawaida miaka mitatu na unalipwa kidogo huku unasoma, lakini Kijerumani ukijue kabla ya kupanda ndege, si ukifika. Mimi nilidhani nitajifunzia kazini. Kazini nimejifunza kusema "boksi" na "haraka". Na kiwanja cha baba usikiuze kwa ajili ya wakala unayemjua kwa sauti tu.

Haya nayaandikia hapa hapa kibandani. Sarafu yangu ya mia tano nimeiweka mezani mbele ya televisheni, kwenye mstari, zipo nne mbele yake. Nimetoka kunywa kahawa kwa jirani, nimesali, nimerudi, na kuna mtu ameisogeza mbele bila kuambiwa. Yule mtoto bado hajafungwa.