Mapigo 138 kwenye kilima cha UDOM

Nina miaka 41, napiga tizi siku tano kwa wiki, na kwa karibu miezi miwili saa yangu ilikuwa inanionyesha mapigo 138 kwa dakika mahali ambapo sina pumzi hata ya kuitikia salamu. Kilima ni kile kile cha kupanda kuelekea UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma: dakika nne kwa kasi, unashuka taratibu, mara tano. Miguu inawaka, koo limekauka, halafu saa inasema niko kwenye mwendo wa kwenda sokoni Majengo.

Ushauri niliopewa ungejaza gunia. Wa kwanza ulitoka kwa wenzangu wa joging: "Kaka, hiyo presha ya kushuka, lamba chumvi." Presha na mapigo ni vitu viwili. Presha ni msukumo wa damu kwenye mishipa, mapigo ni mara ngapi moyo unabana kwa dakika. Mtu anaweza kuwa na mapigo 45 na presha 120/80 safi kabisa, na mwingine ana mapigo 110 huku presha imeshuka hadi anaanguka. Chumvi niliyolamba ilinipa kiu, basi. Mwingine akasema nimejaliwa moyo wa mwanariadha, nikavimba kichwa wiki nzima. Ni kweli moyo uliozoea mazoezi hupiga mara chache, kwa kuwa kila pigo linasukuma damu nyingi zaidi, lakini hilo linaonekana ukiwa umepumzika au unakimbia mwendo mwepesi. Ukifika kwenye ncha ya nguvu zako, hata moyo wa bingwa unapanda hadi karibu na kikomo chake. Kwa hiyo 138 huku natweta ilikuwa na neno.

Nilianza na kifaa, na hapo ndipo nilipopoteza muda na hela kuliko kokote. Saa ya mkononi inamulika taa ya kijani kwenye ngozi na kusoma damu inavyojaa na kupungua kwenye vimishipa. Asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma, kwa baridi ile na upepo ule, vimishipa vya mkono vinajikunyata na saa inabaki inabahatisha. Ikikosa damu inaweza kushika mtikisiko wa mkono, ndiyo maana mtu anayepiga hatua 175 kwa dakika anajikuta ana "mapigo" 175 bila kuhema. Au inakwama kwenye namba ya chini. Nikaipandisha vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, nikakaza tundu moja, nikapasha mwili dakika kumi na tano kwanza. Ikanipa 141.

Nikaagiza mkanda wa kifua kutoka Dar, ukaja na basi, kama laki na nusu hivi ukiweka na nauli ya kifurushi. Mkanda hausomi damu, unasoma umeme wa moyo wenyewe, kwa hiyo ndio wa kuaminika. Siku ya kwanza ukanisomea 62, dakika moja baadaye 201, kisha vistari vitupu. Nikajua nimeuziwa feki. Nikampigia muuzaji, tukagombana vizuri tu, akaniuliza: "Umepaka nini?" Nilikuwa nimepaka mafuta ya mgando, kwa sababu mzoefu mmoja aliniambia mkanda unachubua. Mafuta yanazuia umeme! Nilikuwa nimechukua kifaa cha kusikiliza umeme wa moyo, nikakiziba masikio kwa mikono yangu mwenyewe. Mafuta hayo yapake pembeni, kwenye ukingo wa juu na wa chini wa mkanda. Pale kwenye vipande viwili vya mpira vinavyogusa ngozi yasifike kabisa. Nikausugua kwa sabuni ya kipande na maji ya uvuguvugu, mara mbili, ndipo utelezi ukatoka.

Hata ukiwa safi, hewa ya Dodoma ni kavu na mkanda unahitaji unyevu kati ya mpira na ngozi. Pwani jasho linafanya kazi hiyo kabla hujatoka getini. Huku kilomita mbili za kwanza zilikuwa upuuzi mtupu: 88, 97, 190. Maji ya bomba yalisaidia dakika tano kisha upepo unayakausha. Mate, wanavyoshauri wengi, hivyo hivyo. Nikajaribu maji yenye chumvi, kijiko cha chai kimoja kwenye glasi. Yakawa bora kidogo, ila yakikauka yanaacha vumbi jeupe linalowasha. Dawa ilikuwa jeli ya ultrasaundi, ile anayopakwa mjamzito tumboni. Inapatikana maduka ya vifaa vya hospitali, elfu chache kwa chupa ambayo haiishi mapema. Tone la ukubwa wa punje ya karanga kila upande, unavaa, unasubiri dakika mbili. Tangu hapo namba ni tulivu kuanzia hatua ya kwanza.

Jambo jingine lililonisumbua ni fulana. Fulana ya nailoni iliyolegea, ikipigwa na upepo mkavu, inazalisha umeme wa msuguano na mkanda unasoma 210 ukiwa bado unatembea. Vaa inayobana, au ilowanishe kifuani.

Sasa mkanda ukasema 146, na sikutaka kuuamini tena bure, nikahesabu kwa mkono. Unasimama ghafla mwisho wa kilima, unaweka vidole viwili upande mmoja wa shingo (usibane pande zote mbili, utajizimisha), unahesabu sekunde 10 na kuzidisha kwa 6. Pigo la kwanza linahesabiwa sifuri. Wengi wanahesabu dakika nzima, kumbe mtu mwenye mazoezi anashuka mapigo 20 hadi 30 ndani ya dakika hiyo moja, kwa hiyo wanapima mapumziko. Nilipata 24, yaani 144. Ukikosea pigo moja unapotea kwa sita, basi 144 na 146 ni kitu kimoja. Mkanda ulikuwa unasema kweli.

Kabla ya kuendelea nilipita hospitali, na hapa sitanii na mtu. Mapigo ya chini yakija pamoja na kizunguzungu, kuzimia, kifua kubana, au pumzi kukata kwa kazi ndogo, acha tizi siku hiyo hiyo uende. Mimi sikuwa na dalili hizo. Nilipimwa presha na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo cha kubandikwa waya kifuani, elfu thelathini na kitu. Mapigo 46, yamepangika. Daktari aliuliza swali ambalo hakuna mwenzangu wa joging aliyewahi kuniuliza: "Unatumia dawa gani?" Propranolol na atenolol, dawa za presha na moyo, zinaufunga moyo breki, hata ukimbie vipi haupandi kama kawaida. Na timolol, matone ya macho ya wenye presha ya macho, yanaweza kufanya vivyo hivyo, kwa kuwa yanaingia kwenye damu. Tezi ya shingo ikizembea, moyo nao unazembea. Akaongeza kuwa ECG ya kitandani inaonyesha moyo uliotulia tu. Mwenye dalili anatakiwa apimwe akiwa anakimbia kwenye mashine.

Nikabaki na mambo mawili, uchovu na hesabu.

Uchovu nilikuwa naukataa, kwa sababu nilisoma mahali kuwa mwili ukichoka mapigo ya asubuhi yanapanda, na yangu yalikuwa 44 hadi 46 kila siku. Hilo halitokei kwa kila mtu. Ukirundika tizi kwa wiki kadhaa moyo unaweza kugoma kupanda tu: mapigo yanashuka huku kazi inaonekana nzito zaidi. Cha kutazama ni mapigo pamoja na kasi pamoja na unavyojisikia. Mapigo chini, kasi ile ile, mwili mwepesi: umeimarika. Mapigo chini, kasi imeshuka, miguu ya zege: umechoka. Mimi nilikuwa wa zege, kilima cha dakika nne nilikuwa nakimaliza mita arobaini chini ya pale nilipofika mwezi Mei. Na nilikuwa naondoka nyumbani na chai ya rangi tupu, baada ya chakula cha usiku cha mlenda mwingi na ugali mdogo eti napunguza kilo. Misuli isiyo na wanga haiwezi kufanya kazi ya kuulazimisha moyo upande. Nikapumzika siku nne kamili, usiku wa tatu na wa nne nikala ugali wa kushiba, asubuhi ndizi mbili na uji. Nikarudi kilimani: 156, na mita arobaini zangu zikarudi.

Hesabu ndiyo iliyonikera. Kila mtu anakuambia kikomo cha mapigo yako ni 220 toa umri. Yangu inakuja 179. Nikatafuta kanuni ya pili, 208 toa umri mara 0.7, ikaja 179 na pointi tatu, nikaona basi zimethibitishana. Hazijathibitisha lolote: kanuni hizo mbili zinakutana kwenye umri wa miaka 40, kwa hiyo mtu wa rika langu anauliza mashahidi wawili kumbe ni mtu mmoja. Zote ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja kukaa mapigo kumi juu au chini ni jambo la kawaida. Na kikomo hakipandi kwa mazoezi, umezaliwa nacho, kinapungua na umri.

Ukitaka chako, kipime, ila baada ya kupumzika na kama hospitali haikukukataza. Mimi: dakika 20 za kupasha mwili, kisha kupanda dakika tatu mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi, kushuka taratibu katikati, na dakika ya mwisho ya mpando wa tatu nikatoa kila kitu. Namba kubwa niliyoiona ni 168. Usipime kwa mbio fupi za sekunde 40. Moyo unachukua dakika mbili hivi kuifikia kazi unayoupa, unaishia kuona 130 na kulia kwenye simu. Wala usitumie namba ya mbio kwenye baiskeli, huko wengi wanasoma mapigo matano hadi kumi pungufu.

Kazi ngumu naihesabu kuanzia asilimia 85 ya kikomo. Asilimia 85 ya 179 ni 152. Ya 168 ni 143. Maana yake 146 niliyokuwa naililia ilikuwa kazi ngumu tayari, na 156 ni asilimia 93. Siku mkanda ukizingua naangalia pumzi: sentensi nzima ikitoka, mwendo ni mwepesi; maneno matatu, wa kati; neno moja, mzito. Mwanariadha Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma hii hii, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, zama ambazo hakuna mkono uliokuwa na taa ya kijani.

Mkanda nauosha kila baada ya tizi, chumvi ikikaukia inaupasua mpira. Kile kidude cha katikati nakichomoa, maana kikibaki kwenye mkanda wenye unyevu kinadhani bado nakimbia na kumaliza betri usiku kucha. Betri yenyewe ni CR2032, ile ya rimoti ya gari, na kifuniko chake kinafunguka kwa sarafu. Ikianza kuchoka nayo inaleta namba za ovyo, kwa hiyo anza na hiyo kabla hujalamba chumvi.