Nilivyomrudisha Mama wa Msaada wa Daima ukutani

Siku shirika letu, jumuiya ndogo ya kanisa, lilipokuja kusali rozari kwangu, mama mmoja alinivuta pembeni akaninong'oneza: "Mama, angalia uso wa Bikira." Nikasogea na taa. Madoa meusi yalikuwa yamepanda kutoka pembe ya chini ya picha hadi shavuni. Ile picha ya Mama wa Msaada wa Daima niliirithi kwa marehemu mama yangu, na nilikuwa nikipita mbele yake kila siku bila kuona kitu. Nilipoishusha nikakuta karatasi imeshikana na kioo. Nikajaribu kuibandua kwa kisu, jicho moja likabaki kwenye kioo.

Mwenye nyumba huku Kadutu, mjini Bukavu, hahitaji kuelezwa sababu. Tumechonga mlima tukajenga, kwa hiyo ukuta wa nyuma umeegemea udongo, na mvua ikianza Septemba ukuta unatoa jasho mpaka Mei. Picha yenyewe ilikuwa imekaa humo humo, mgongo ukiwa umebanwa na ukuta na uso umebanwa na kioo.

Sikuweza kuitupa, ilikuwa imebarikiwa. Padri aliniambia baada ya misa kwamba kitu kilichobarikiwa kikiharibika hakiendi jalalani: kinachomwa na majivu yake yanazikwa, au kinafukiwa mahali pasipokanyagwa. Niliichoma kwenye mbabula, jiko letu la makaa, alfajiri kabla watoto hawajaamka, majivu nikayafukia chini ya mti wa avoka. Nakiri nililia kidogo.

Kutafuta nyingine nilidhani ni kazi ya nusu saa. Sokoni zipo, na bei si mbaya. Lakini nilizoziona zote zilikuwa zimekatwa: nyingine zinaishia kifuani, nyingine hazina malaika. Labda mwingine asingejali. Sisi mama alitufundisha kuisoma kwa kidole. Juu kushoto ni Mikaeli, ameshika mkuki na mwanzi wenye sifongo. Kulia ni Gabrieli na msalaba na misumari. Mtoto ameviona, ameshtuka, amekimbilia kwa mama yake kwa haraka hata ndara ya mguu mmoja imechomoka, inaning'inia kwa ukanda tu. Mikono yake yote miwili inaushika mkono wa mama. Ukiikata ndara umeikata hadithi yote, unabaki na mama aliyepakata mtoto. Ile ya asili iko Roma, katika kanisa la Mtakatifu Alfonso. Papa Pius IX aliwakabidhi watawa Waredemptoristi mwaka 1866 ili waieneze duniani. Imechorwa kwenye ubao, na si kubwa kama watu wanavyofikiri, urefu wake ni nusu mita na kidogo.

Basi nikaamua kuichapisha mwenyewe. Mtoto wangu mkubwa alinitumia picha kwa WhatsApp, nikaipeleka sekretaria, duka la kuchapisha. Kijana wa mashine akaitazama. "Mama, hii iko ndogo. Itatoka na ukungu." Nikamwambia achape tu. Ikatoka A3, na uso wa Bikira una mirabamiraba kama tofali. Nililipa kimya kimya.

Yule kijana ndiye aliyenielewesha. Ili A3 itoke safi kabisa inataka picha yenye nukta kama 3,500 kwa upana na 4,960 kwa urefu. Nusu ya hapo bado inafaa kwa kitu kitakachotazamwa kutoka upande wa pili wa sebule. Yangu haikufika hata 900, kwa sababu ukituma kama picha, WhatsApp inaibana. Mwanangu akatafuta nyingine kubwa, akaituma kama dokima, yaani faili, ikafika nzima.

Mara ya pili ikatoka safi, ila mabawa ya malaika hayapo. Hapo ndipo nilipoelewa zile za sokoni. Karatasi ya A3 ni ndefu na nyembamba, ikoni hii ni pana zaidi, na mashine ikiambiwa ijaze karatasi lazima ikate mahali. Nikamwomba aache weupe juu na chini. Kabla ya kulipa nikalowesha kidole nikagusa pembeni: rangi ikakimbia. Ilikuwa mashine ya wino. Tukahamia kwenye mashine ya unga, ile ya tona, nikagusa tena, ikatulia. Kitu kimoja kilitushinda: dhahabu. Hakuna mashine pale inayotoa dhahabu, inatoa manjano ya mawese. Nimeikubali.

Fundi wa kadre, yaani fremu, alitaka kuibana kwenye kioo kama kawaida yao. Nikakataa. "Papa fundi, weka kartoni kuzunguka, karatasi isiguse kioo." Akacheka, akasema mteja mwenye shida, lakini akafanya. Nyuma akaweka tripleksi, ule ubao mwembamba, nami nikaziba mianya yote kwa gundi ya karatasi. Kisha nikakata kandambili kuukuu vipande vinne, nikavibandika kwenye pembe za nyuma, ili kadre isiguse ukuta na hewa ipite. Nimeitundika kwenye ukuta wa katikati, usiogusa mlima, mbali na moshi wa mbabula na pasipofikiwa na jua la dirishani.

Padri akaibariki Jumapili. Mvua za msimu mzima zimepita, na kila nikifagia napitisha mkono nyuma: pakavu.

Ile kandambili ilikuwa ya kitinda mimba wangu. Aliitafuta siku mbili, akawashuku watoto wa jirani, mpaka nikamwambia iko nyuma ya Bikira. Akapanda kwenye kiti, akachungulia, akarudi mbele kutazama mguu wa Mtoto Yesu. "Mama," akasema, "na yeye mumemukatia moja?"