Kihispania kwa mlango wa Kiswahili: kumbukumbu ya darasa la Kisumu

Mpango: vipindi viwili kwa juma, dakika 90 kila kimoja, majuma 12. Jumla saa 36. Shabaha ni kumaliza A1, ngazi ya kwanza ya kujifunza lugha, na kuonja A2, ya pili. Kitabu cha awamu iliyopita kilieleza sarufi kwa Kiingereza, na makosa mengi yalizaliwa humo. Mara hii maelezo yote yanatoka kwenye Kiswahili.

Juma la 1 na la 2: sauti

Irabu ni zile zile tano, dakika kumi zikatosha. Konsonanti nazo nyingi tunazo tayari: d iliyo katikati ya irabu inakaribia dh ya "dhahabu" (nada), g hapo hapo ni gh ya "ghali" (amigo), j ni kh ya "Khamisi", ñ ni ny. Herufi z, na c kabla ya e au i, sehemu kubwa ya Hispania ni th ya "thelathini". Amerika ya Kilatini ni s. Tumeshika s, ili mzigo upungue.

Wasemaji wa Kibukusu, lugha ya magharibi mwa Kenya, wana zawadi yao. Ile b ya "Babukusu", ambayo midomo haifungwi kabisa, ndiyo b na v ya Kihispania katikati ya irabu. Lakini anayebadilishana p na b achunge: peso ni sarafu, beso ni busu. "Cuesta diez besos" (bei yake busu kumi) imesikika darasani, na bei hiyo haijalipwa.

Kilichokataa ni h, ambayo Kihispania huiandika bila kuitamka. Mtu aliyezoea kusoma kila herufi anaitamka tu. Dawa: kuikata kwa penseli kila inapotokea, hola, hora, hambre, mpaka jicho lizoee.

Juma la 3: saa

Tuliipa nusu kipindi, ikala vipindi viwili. Saa moja asubuhi inageuka "es la una", na miadi imepotea kwa saa sita. Kujumlisha sita kichwani hakusaidii, mtu akiharakishwa anasahau. Kilichosaidia ni saa ya ukutani: soma tarakimu ambayo mshale mfupi unaielekea, usitafsiri neno. Mshale uko kwenye 7, basi son las siete. Umoja ni wa es la una peke yake; kuanzia mbili ni son las.

Juma la 4 hadi la 6: ser na estar

Hapa ndipo mradi ulipolipa. Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa", ser na estar. Kanuni ya vitabu, kwamba ser ni ya kudumu na estar ni ya kupita, inavunjika kwa maiti: está muerto, wala hatarajiwi kuamka. Kwa Kiswahili tunaanza hivi. "Ni" huenda kwa ser: ni mwalimu, es profesora. -ko, -po na -mo huenda kwa estar: Kisumu iko Kenya, Kisumu está en Kenia. Kisha -me- ya hali nayo huenda kwa estar: amechoka, está cansado, amekaa, está sentado, mlango umefungwa, la puerta está cerrada, amekufa, está muerto.

Mitego miwili. -me- ya tendo haimo: amekula ni ha comido. Na tukio hutumia ser hata kama sisi tunasema liko: mkutano uko Kondele, la reunión es en Kondele. Kipimo ni kuuliza kama unaweza kusema "utafanyika". Ukiweza, ni ser.

Nina njaa, nina kiu, nina usingizi, nina miaka 20: tengo hambre, tengo sed, tengo sueño, tengo 20 años. Neno kwa neno. Waliopitia Kiingereza walikuwa wakiandika "soy 20 años".

Juma la 7: jinsia ya nomino

Aliyelelewa na ngeli haogopi upatanisho. Viti vyeupe, las sillas blancas. Nomino ni za kiume (el, nyingi huishia -o) au za kike (la, nyingi huishia -a). Za kukariri ni zinazokwenda kinyume: la mano, el problema, el mapa, el día. Kosa linalobaki ni kusahau el na la kabisa, maana kwetu hazipo. Kila nomino inaandikwa daftarini pamoja na kiambata chake.

Juma la 8: gustar

Usitafsiri "napenda", tafsiri "inanipendeza". Samaki ananipendeza, me gusta el pescado. Maembe yananipendeza, me gustan los mangos. Kitenzi kinafuata maembe.

Juma la 9 hadi la 11: wakati uliopita

Nilienda Kibuye Jumamosi: fui a Kibuye el sábado. Nilikuwa nikienda kila Jumamosi: iba los sábados. Mpaka hapo shwari. Shida ni -li- ya kueleza hali, "nyumba ilikuwa kubwa", ambayo wengi waliiandika fue (la tukio lililokwisha) badala ya era (la hali, kama iba). Na fui yenyewe ni nilienda na pia nilikuwa. Muktadha ndio unaoamua, hakuna njia ya mkato.

Juma la 12: subjuntivo

Tuliionja tu, hii hali ya kitenzi inayofanana na -e yetu ya "aseme". Sema, aseme, habla, hable. Nataka aseme: quiero que hable. Vitenzi vya -er na -ir vinageuka upande wa pili, come, coma. Katika zoezi la sentensi 20, zenye "nataka" na "naomba" zilitoka safi. Zenye cuando, yaani -po- ya wakati, zilianguka: "cuando vendrá" kwa "atakapokuja", badala ya cuando venga.

Awamu ijayo inaanzia kwenye -po-. Ninapofika nyumbani nakula: cuando llego a casa, como. Nitakapofika nitakula: cuando llegue a casa, comeré. Penye -napo- hakuna subjuntivo, penye -takapo- ipo. Sentensi 30 za kujaribia zimeshaandikwa, nusu kwa nusu, zimechanganywa.