Mfumo Mmoja kwa Bohari na Uhasibu

Mwaka 1972, wafanyakazi watano waliotoka kampuni ya kompyuta ya IBM walianzisha SAP, kampuni ya mifumo ya kompyuta ya kuendesha biashara, nchini Ujerumani, na wazo la mifumo ya aina hiyo leo linaonekana la kawaida: taarifa ya muamala iingizwe mara moja, kisha uhasibu, ununuzi na bohari viitumie, badala ya kila idara kutunza daftari lake na kubishana mwisho wa mwezi. Juni 1974, msimbopau, yaani ile mistari ya bidhaa inayosomwa na mashine, ulisomwa kwenye kaunta ya duka kubwa huko Ohio, Marekani, hatua iliyofungua njia ya kila mauzo kupunguza hesabu ya akiba bila mtu kuandika chochote. Kwa maoni yangu, faida kubwa iko hapa, wala si katika michoro ya rangi inayowapendeza mameneja: mfumo unaojua kiwango cha chini cha kila bidhaa, pamoja na muda ambao msambazaji huchukua kuileta, unaweza kuagiza kabla rafu haijabaki tupu. Hata hivyo, kompyuta haioni bidhaa iliyoibwa au iliyovunjika, kwa hiyo kuhesabu mali kwa macho, hata kama ni kwa mafungu, bado ni kazi isiyokwepeka.