Ganzi Huanzia Mbali na Kichwa

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Tangu tulipomzika mdogo wetu baada ya Pasaka, maombi yangu ya usiku yamekuwa ya namna moja: Bwana, niondolee haya maumivu, nisiyasikie tena. Wiki hii nimeshindwa kuomba hivyo.

Nilimsindikiza dada yangu mkubwa kliniki ya sukari. Nesi alimwambia avue ndala, afumbe macho, kisha akawa anamgusa nyayo kwa kiuzi kigumu cha plastiki, akimuuliza kila mara, "Mama, unasikia?" Dada kimya. Mimi nilikuwa naona kidole gumba kinaguswa, kinafuata cha kati, na moyoni nikawa namsihi: dada, sema unasikia. Chini ya kisigino palikuwa na kidonda ambacho hata nyumbani hatukukijua. Alikanyaga kitu, siku asiyoijua, akaendelea kupika na kwenda sokoni Tandika kama kawaida.

Mungu aliijaza ngozi yetu ncha za mishipa ya fahamu. Ukikanyaga msumari, habari inakimbia mpaka kwenye uti wa mgongo, na pale pale amri inatoka misuli iuvute mguu, ubongo ukiwa bado haujajua. Ndiyo maana mguu unanyanyuka kwanza, ukelele unafuata. Na maumivu yana njia mbili. Nyuzi za njia ya kwanza zimevikwa utando wa mafuta, zinapeleka habari kwa kasi ya kati ya mita 5 na 30 kwa sekunde. Huo ndio mchomo wa ghafla. Nyuzi za njia ya pili ni nyembamba zaidi, hazina utando, na mwendo wake hauzidi mita 2 kwa sekunde. Hizo ndizo zinazoleta lile fukuto linalobaki. Aliyefiwa anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Siku ya msiba ni mchomo. Fukuto linakuja maturubai yakishaondolewa na wageni wakisharudi mkoani.

Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huiharibu mishipa hiyo, na kwa kawaida huanza na ile mirefu kuliko yote, inayofika kwenye vidole vya miguu. Ukoma nao, wengi tulikua tukiambiwa unakula vidole. Bakteria wake, aliyetambuliwa na Hansen huko Norwei mwaka 1873, hushambulia mishipa ya fahamu. Vidole hupotea kwa kuungua na kujikata bila mtu kusikia.

Hapo ndipo Roho aliponishika. Katika sukari, ganzi huanzia kwenye kiungo kilicho mbali kabisa na kichwa. Ubongo mzima, mikono mizima, uso unang'aa, na huku chini mguu unaoza.

Paulo anasema kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia nacho, na kichwa chetu tunamjua ni nani. Andiko hilo tunalisoma kila harambee. Wiki hii naomba tulisome tukiangalia miguu yetu. Wa viti vya mbele tunawasikia. Mzee wa kanisa akilazwa asubuhi, kabla ya adhuhuri kundi la WhatsApp limejaa pole, na jioni tuko wodini na juisi na matunda. Ni vizuri, tuendelee. Lakini yuko mama yetu wa Chanika aliyekuwa akipanda daladala mbili kuja ibadani, na tangu masika hajaonekana. Nimewauliza wenzake wa kwaya. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Yuko binti tuliyemsimamisha kuimba alipopata mimba, tukasema ndio utaratibu. Sawa, utaratibu. Nani kati yetu alikwenda kupiga hodi kwao? Mtoto sasa anatambaa, na sisi hata jina lake hatulijui. Yuko kijana aliyepoteza kazi bandarini akaacha kuja kwa sababu hana cha kuweka kwenye bahasha. Watu hawa wanaumia, wapendwa, na mwili hausikii! Tusijidanganye kwamba kanisa lina amani kwa kuwa ibada inaisha kwa wakati na hakuna anayelalamika. Dada yangu naye hakulalamika.

Nawasema ninyi na ninajisema mimi, kwa upendo. Tumezoea kuandika "pole sana" kwa kidole gumba tukiwa kwenye foleni ya mwendokasi, tukihesabu tumeumia pamoja na mwenzetu. Kuumia pamoja kunagharimu nauli. Kunagharimu mchana mzima wa Jumamosi kukaa kwenye mkeka wa mtu ukimsikiliza akirudia jambo lile lile.

Na maombi yangu ya usiku? Nimemtazama Bwana pale Golgotha. Marko anasema walimpa mvinyo iliyotiwa manemane, hakuipokea. Sisemi mgonjwa akatae dawa ya maumivu. Dawa ni rehema ya Mungu, anywe. Nasema Bwana wetu hakukubali kufa ganzi alipokuwa akitubeba. Basi sasa namwomba anishike mkono ndani ya fukuto hili, nisiwe mtu asiyesikia tena, maana nikiacha kusikia msiba wangu nitaacha pia kusikia wa jirani.

Nesi alimpa dada agizo moja ambalo nalileta kwenu kama lilivyo: kwa kuwa mguu haukwambii, uangalie kwa macho kila jioni, mpaka katikati ya vidole, na usipoona vizuri mtu wa nyumbani akuangalie. Wenye sukari mlioko humu, lifuateni leo hii, na msitembee peku hata uani. Nasi jumuiya, tulikokufa ganzi twende tukaangalie kwa macho.

Jumamosi hii tunakwenda Chanika kwa mama yetu. Tunakutana stendi ya Gongo la Mboto saa tatu asubuhi. Asiye na nauli aniambie mapema, tutasaidiana. Kina mama wawili waliojitolea kwenda kwa binti yetu Jumapili baada ya ibada, Mungu awabariki. Mkirudi, mtuletee jina la mtoto tumwombee.