Mechi 71, goli sifuri

Wiki hii Mwanaidi ameolewa, ofisi imehamia ghorofa ya tatu na gari hatimaye limetoka gereji, lakini kilichonikalisha hapa usiku huu ni maneno ya Idi ya Jumapili mchana. Alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, sahani ya pilau mkononi, akaniuliza: "Mjomba, huyo Makélélé wako alikuwa anafanya nini hasa? Kacheza mechi 71 timu ya taifa ya Ufaransa, goli sifuri."

Nikamjibu, "Alikuwa anakaba."

Akasema, "Basi?" Kisha akaenda kunawa mikono.

Hiyo "Basi?" imenikaa kooni tangu siku ile. Hesabu yake ni sahihi, mechi 71 kuanzia 1995 hadi 2008, na hakuna goli hata moja. Kinachoniuma ni jibu langu. Miaka yote hii nawaeleza watu kuhusu Claude Makélélé, halafu mtoto wa dada yangu ananiuliza swali la haki na mimi namtupia neno moja kama mtu anayefukuza kuku.

Kukaba ni neno dogo mno kwa kazi ile. Anayekaba humfuata mwenye mpira. Makélélé alikuwa kazini kabla mpira haujafika kwa mtu.

Chukua Real Madrid ya msimu wa 2002/03. Beki wa kushoto ni Roberto Carlos, ambaye miguu inamwasha kwenda mbele. Upande huohuo amepangwa Zidane, na Zidane haishi pembeni, anaingia katikati kuutafuta mpira. Kulia yuko Figo, mbele Raúl na Ronaldo. Ukihesabu wanaokimbilia nyuma mpira unapopotea, vidole vya mkono mmoja vinabaki. Mpira ukipotea hapo, upande wote wa kushoto, kuanzia mstari wa katikati hadi kibendera cha kona, uko wazi kama kiwanja cha shule siku ya sikukuu. Winga wa wapinzani anautazama ule uwazi na kuona kwamba leo ni siku yake. Ila Makélélé ameshaanza kusogea kushoto tangu hatua ya kwanza ya Roberto Carlos, mpira ungali wa Real. Winga akiinua kichwa anamkuta mtu mfupi, mtulivu, amesimama palepale pasi ilipotaka kupita. Pasi inarudi nyuma. Hakuna kilichotokea, na kwenye marudio ya runinga hakuna cha kuonyesha.

Goli la Zidane la fainali ya Glasgow, 2002, dhidi ya Bayer Leverkusen, kila mtu analitazama kuanzia pale mguu wa kushoto unaponyanyuka. Rudisha sekunde chache nyuma. Utamwona Roberto Carlos anakimbilia karibu na boksi la Wajerumani, dakika ya 45, matokeo 1-1, fainali ya Ulaya. Beki hathubutu kukimbia hivyo kama hana mtu wa kumwamini nyuma yake. Hilo ndilo nilipaswa kumwambia Idi pale mlangoni: tazama nani alikuwa huru kwenda mbele, halafu uulize ni nani aliyempa uhuru.

Na kupora kwenyewe! Alikuja kwa hatua fupifupi, magoti yamekunjwa, mkono mmoja umefunguka kidogo ili kumpima mwenzake alipo. Hapo alisubiri. Mshambuliaji akiusukuma mpira ukatoka mguuni hata shibiri mbili, ncha ya kiatu cha Makélélé ilishapita katikati. Ni mara chache alijitupa chini, kwa sababu namba sita, yaani kiungo anayesimama mbele ya mabeki, akijitupa akakosa, anakuwa nje ya mchezo kwa sekunde tatu au nne, na nyuma yake mabeki wawili wa kati wanabaki uchi. Akishaupata, mguso mmoja wa kuutuliza, wa pili wa kuutoa. Florentino Pérez, rais wa klabu, alinukuliwa akisema hawatamkumbuka, kwamba ufundi wake ni wa kawaida na pasi zake hazivuki mita tatu. Mita tatu zilitosha, kwa kuwa mwisho wa hizo mita tatu alisimama Zidane.

Aliomba aongezewe mshahara, maana alilipwa sehemu ndogo tu ya walicholipwa nyota, wakakataa. Kiangazi cha 2003 akaenda Chelsea kwa karibu pauni milioni 17, kiangazi kilekile alichofika Beckham. Msimu uliofuata Real walifungwa mechi tano za mwisho za ligi, moja baada ya nyingine, wakamaliza nafasi ya nne. Ubingwa wa Hispania hawakuushika tena hadi 2007. Simbebeshi yeye peke yake sifa yote, kwani kocha Del Bosque aliondolewa wakati huohuo na beki Hierro naye akaenda zake. Lakini mwenye macho alikuwa akiliona pengo katikati ya uwanja kila wiki. Zidane mwenyewe alinukuliwa akiuliza kwa nini uipake Bentley rangi nyingine ya dhahabu huku unaipoteza injini nzima.

London ndiko kazi yake ilikopewa jina lake. Timu nyingi za Uingereza wakati ule zilicheza 4-4-2, yaani mabeki wanne, viungo wanne na washambuliaji wawili, na katika hao viungo ni wawili tu walio katikati. Kocha Mourinho alipofika Chelsea 2004 aliweka pembetatu: Lampard mbele upande mmoja, mwenzake upande wa pili, Makélélé nyuma yao. Watatu kwa wawili. Kiungo mmoja wa wapinzani akipanda kumbana Makélélé, Lampard anabaki bila mtu. Wote wawili wakikaa chini, Makélélé anapokea mpira bila haraka, anatazama uwanja mzima. Straika akishuka kumfuata, mabeki wa kati, Terry na Carvalho, wanapata nafasi ya kutoka na mpira. Msimu huo Chelsea walifungwa magoli 15 katika mechi 38 za ligi, wakawa mabingwa. Sisi wa namba sita tunayajua magoli 15 yale kama wengine wanavyoyajua magoli ya mshambuliaji Henry.

Jina lake nalo. Kwetu makelele ni kelele zilizopita kiasi, na Kilingala, lugha ya Kinshasa alikozaliwa 1973, kina neno hilohilo kwa maana hiyohiyo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni jina la utani.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapa juzi, kwa hasira kidogo, nikijiandaa kumsomea Idi yote haya Jumapili ijayo kama wakili. Kisha dada akapiga simu Alhamisi kuuliza habari za makapu ya harusi. Katikati ya hayo makapu akasema, "Unajua kocha wao amemtoa Idi winga? Anamchezesha sita sasa. Mwenzio tangu wiki iliyopita hali chakula vizuri."

Nikanyamaza. Kumbe "Basi?" ile haikuwa ya Makélélé.

Mtoto amecheza winga tangu ana miaka tisa. Anajua raha ya kumpita beki na kusikia watu wa pembeni wakipiga kelele. Anaambiwa arudi katikati, asimame mbele ya mabeki, asivuke. Amekuja kwangu, mtu pekee katika ukoo anayeisifia nafasi hiyo, kutafuta sababu ya kuipenda, na mimi nikampa neno moja. Nimeikumbuka sauti yake ilivyokuwa. Haikuwa ya dharau hata kidogo. Ilikuwa ya mtu anayengoja aendelezewe.

Basi mpango wa wakili nimeutupa. Nitaanzia klabu ya Nantes, kwa sababu Makélélé naye alianza pembeni. Alifika Ufaransa akiwa mtoto wa miaka minne, akakulia nje ya Paris, na Nantes walimpanga upande wa kulia wa kiungo, mtu wa mbio na krosi. Ile Nantes ya kocha Suaudeau ilichukua ubingwa wa Ufaransa 1995 kwa kupoteza mechi moja tu msimu mzima. Ilikuwa timu ya pasi za haraka na kukimbia bila mpira, na nadhani huko ndiko alikojifunza kuusoma uwanja. Baada ya mwaka mmoja Marseille akaenda Celta Vigo ya Hispania, akacheza na Mazinho, Mbrazili aliyekuwa bingwa wa dunia 1994, na huko akazidi kuvutwa katikati. Celta ile iliipiga Benfica 7-0 na Juventus 4-0 katika msimu mmoja wa Ulaya. Winga yule hakupotea. Zile mbio ndizo zilizokuja kuziba upande wa Roberto Carlos.

Halafu tutatoka uani na mpira. Cha kwanza shingo: kabla mpira haujakufikia, tazama bega la kulia, tazama la kushoto, na ufanye hivyo tena ukiwa njiani. Vijana wengi wanaohamishiwa sita hupokonywa mpira kwa sababu wanaupokea wakiwa wameupa uwanja mgongo. Simama ubavu, mguu mmoja mbele, upokee kwa mguu wa mbali, na utaona goli zote mbili. Umbali kati yako na mabeki wa kati uwe kama mita kumi. Ukisogea karibu zaidi unawakanyaga miguu. Ukienda mbali, straika anageuka katikati yenu. Usisimame mstari mmoja na kiungo mwenzako, maana pasi moja itawaua wote wawili. Beki mmoja wa pembeni akipanda, jaza upande wake na umwite wa pili abaki. Faulo, kama lazima, icheze mapema, huko karibu na mstari wa katikati. Inayochezwa karibu na boksi ni zawadi kwa mpiga frii kiki.

Gumu kuliko yote ni kutoufuata mpira. Kwa winga aliyezoea kuufuata, miezi ya kwanza ni mateso. Atachoka akili kabla ya miguu, na kocha asipojua hilo atamwona mvivu.

Kuhusu mechi 71, nitamwonyesha Berlin, tarehe 9 Julai 2006. Makélélé alikuwa ameshastaafu timu ya taifa baada ya Euro 2004, akarudi 2005 pamoja na Zidane na Thuram. Kwenye fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Italia, kiungo mwenzake Vieira aliumia akatoka dakika ya 56. Henry akatoka. Zidane akapewa kadi nyekundu dakika ya 110. Makélélé alikuwepo mpaka filimbi ya mwisho, dakika 120, anaziba. Penalti ndizo zilizowatoa.

Na lipo goli moja nataka alione, si la timu ya taifa. Mei 2005, Chelsea na Charlton, siku ya kukabidhiwa kombe la ligi, dakika za mwisho, penalti. Wenzake wakamwachia yeye apige. Kipa akaupangua, mpira ukarudi, akauwahi na kuusukuma wavuni, 1-0. Tazama wenzake wanavyomrukia. Terry, Lampard, wote wanacheka kama watoto. Watu walioishi mbele yake na nyuma yake msimu mzima walijua wanamshukuru kwa nini.

Jumapili nitamwachia Idi aulize tena, na safari hii sitamkatisha.

Mama naye jana usiku alisema kwamba mguu wa kushoto unamfa ganzi kila asubuhi, wiki ya tatu sasa, na hataki kwenda kupima sukari mpaka mwezi uishe. Leo nimempigia mara mbili, simu inaita tu.