Kumnyonyesha mtoto mwenye tundu kwenye moyo

Kichanga mwenye tundu kubwa huchoka kabla hajashiba: jasho linamtoka kwenye paji la uso, anaachia ziwa, analala. Hapa Dar tunasingizia joto. Mtazame akinyonya usiku, feni ikiwaka. Mpe kila baada ya saa 2 au 3, usivuke dakika 30, maana zaidi ya hapo anachoma nguvu nyingi kuliko anazopata. Maziwa yanayobaki kamua, umpe kwa kikombe. Dawa ya kukojoza, kama daktari amemwandikia, ipime kwa bomba la sindano. Kijiko cha chai kinadanganya.

Akilala, mhesabie pumzi dakika nzima. Zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi 2, au 50 kwa mkubwa zaidi hadi mwaka, au mbavu zikibonyea, usingoje tarehe ya kliniki Muhimbili. Nenda hospitali usiku huohuo.